Uzoefu wangu: matembezi ya msitu wa Pugu na habari ya sandarusi

Mimi sandarusi niliyoijua ni moja tu, mfuko wa kubebea mahindi. Kwa hiyo muongozaji alipotusimamisha katikati ya msitu wa Pugu Kazimzumbwi, nje kidogo ya Dar es Salaam, akasema watu wa huku zamani walikuwa wakichimba sandarusi, nyuma yangu watu walicheka.

Tulikuwa kumi na mmoja, elfu thelathini kila kichwa, tumelipa kwa kikundi fulani cha matembezi cha mjini. Kukutana Pugu Kajiungeni saa moja asubuhi. Kuondoka karibu saa tatu, eti gari la chakula limekwama Gongo la Mboto. Njia yenyewe haisumbui: mchanga, mizizi, vilima vya kupanda na kushuka, kivuli cha kutosha. Siafu wapo, chomekea suruali ndani ya soksi.

Tulionyeshwa msandarusi. Majani yake yanatoka mawili mawili kama kwato za mbuzi, na tunda lina vinundu kama mgongo wa chura. Ukiuchanja unatoa utomvu, lakini huo mbichi, waliouita chakazi, ulikuwa wa bei ya kutupa. Mali ilikuwa ule uliodondoka zamani mno, mti ukafa ukaoza, utomvu ukabaki mchangani mpaka ukawa mgumu: hiyo ndiyo sandarusi yenyewe. Wazaramo waliufukua kwa jembe, wakaupeleka pwani, Mbwamaji na Bagamoyo, kwa wafanyabiashara wa Kihindi, kisha ukavuka kwenda Unguja. Huko walikuwepo Wamarekani wa mji wa Salem, ambao nchi yao iliwekeana mkataba na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, mwaka 1833. Konsuli wao wa kwanza, Richard Waters, aliyefika 1837, naye alikuwa mfanyabiashara. Walichukua sandarusi ya kutengenezea vanishi ya samani na magari ya farasi, wakaleta nguo. Ndiyo ile merikani ya bibi zetu! Kilichonichoma ni kwamba huko sokoni mali hiyo iliitwa ya Zanzibar, na Mzaramo aliyeinama juani na jembe lake wala hatajwi.

Muongozaji akatoa kiberiti mfukoni, ndani yake kipande cha sandarusi, kidogo kuliko kokwa ya ukwaju. Rangi ya asali, na juu kina vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Ukikipitisha kidole unavisikia kimoja kimoja. Akavunja kachembe akakawasha: moshi mweusi kidogo, harufu ya ubani. Kuwasha moto msituni kiangazi sikupenda, lakini pua yangu ilifurahi, siwezi kudanganya. Tulipomuuliza alikipata wapi, alicheka tu akakifunika.

Haya yote yalichukua dakika kumi na tano. Saa nzima iliyofuata ilikuwa picha za pamoja, mara hivi, mara vile, kwa ajili ya matangazo yao. Halafu tangazo lilisema tutaona popo wakitoka kwenye mapango ya machimbo ya zamani ya kaolini, ule udongo mweupe. Tulipelekwa saa nane mchana. Popo gani anatoka saa nane mchana? Tuliwasikia tu humo gizani, na tukainusa mbolea yao.

Wali ulifika umepoa, maharage yalikuwa matamu. Nawapa nyota tatu kati ya tano, mbili kati ya hizo ni za yule kijana wa kiberiti. Ukienda, uliza kwanza kama siku hiyo yeye ndiye anayeongoza.