Karatasi za nta: zimefaulu majaribio, lebo ndiyo imefeli

Karatasi hizi za nta ya nyuki, za kuweka kwenye fremu za mzinga ili nyuki wajengee masega juu yake, zilifika zimetenganishwa moja moja, pembe zote nzima, na nyingi zikiwa na ungaunga mweupe juu. Mfugaji mgeni angedhani ni ukungu akazirudisha. Mimi nilifurahi. Nta ya nyuki ikikaa kwenye baridi hutoa ungaunga huo yenyewe, na ukiipasha joto kidogo tu unatoweka, umanjano unarudi.

Majaribio sikuyaacha kwa sababu hiyo. Nta tunainunua kwa macho na pua, na vyote viwili hudanganywa. Inapotoka tumboni mwa nyuki huwa nyeupe. Rangi huja baadaye kutokana na chavua na gundi ya nyuki. Harufu nayo, parafini (nta ya mishumaa itokanayo na petroli) iliyotiwa nta halisi kidogo hunukia asali vilevile.

Nilivunja kona ikiwa baridi: ilikatika pakavu, ndani chembechembe. Nikaitafuna, ikasagika bila kunata menoni wala kuacha mafuta ulimini. Kisha nikatia majini kipande cha nta niliyokwangua mzingani mwangu, nikaongeza spiriti polepole mpaka kikaanza kuzama. Kipande cha karatasi mpya nacho kikazama. Kingekuwa na parafini nyingi kingeelea, maana parafini ni nyepesi zaidi.

Stearini, mafuta magumu ambayo nayo hutiwa kwenye mishumaa, ndiyo inayonitisha, na jaribio la spiriti haliikamati vizuri. Parafini huharibu ujenzi: nta halisi huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 hivi, parafini nyingi huyeyuka mapema zaidi, basi sega hulegea likishajaa asali. Stearini huua majana, yaani watoto wa nyuki walio ndani ya seli. Wafugaji wa Ubelgiji na Uholanzi waliliona hilo karibu na mwaka 2016. Mimi niliwahi kununua karatasi kwa muuzaji mwingine. Malkia akataga vizuri, mayai yakaanguliwa, halafu majana yakawa yanatoweka, sega likabaki matundu matundu. Nilipomhamishia malkia yuleyule kwenye masega ya zamani, majana yakajaa tele. Tangu hapo sisifu nta kabla majana hayajakua hadi nyuki wakayaziba ndani ya seli zao.

Kwa hizi yamezibwa, na yamezibwa kwa mfululizo, seli tupu za kuhesabika. Nyuki walizikubali upesi, wakavuta kuta pande zote mbili, na hakuna karatasi iliyopinda wala kuchomoka kwenye waya.

Lakini lebo inasema "nta safi 100%" na kuishia hapo. Safi kwa maana ipi? Nta inaweza kutoka kwa nyuki yote na bado ikabeba dawa za utitiri wa varroa, kimelea cha nyuki. Fluvalineti na kumafosi hukaa ndani ya nta, kuyeyusha na kuchuja hakuziondoi, na masega ya zamani yakirudishwa kiwandani zinarudi nayo. Mbegu za ule ugonjwa unaoozesha majana nazo hazifi kwa kuchemshwa tu. Zinahitaji nyuzi 120 hivi chini ya shinikizo, kwa nusu saa. Nilimwuliza muuzaji nta yake inatoka wapi, vizibo vya asali, yaani nta mpya inayofunika seli za asali, au masega yaliyolelewa majana. Akanijibu kwa adabu kwamba huchanganya yote. Kuhusu joto hakunijibu kabisa, na hilo mnunuzi ana haki ya kuambiwa.

Kwa hiyo nazitumia kwa kukata ukanda mwembamba tu juu ya fremu ili nyuki wapate pa kuanzia, sehemu iliyobaki wajenge kwa nta yao wenyewe. Ujenzi unachelewa na asali nyingi inaliwa, ila najua majana wanalala ndani ya nini. Siku atakapouza karatasi za vizibo pekee na kuliandika hilo kwenye lebo, nitaweka nzima nzima kwenye kila mzinga.