Umemaliza Tolkien? Kasome Shippey

Kijana akishamaliza The Lord of the Rings, riwaya ya J.R.R. Tolkien, huuliza asome nini sasa, na wengi humsukumia riwaya nyingine ya majoka na mapanga. Mimi humpa kitabu cha uhakiki: J.R.R. Tolkien: Author of the Century cha Tom Shippey, kilichotoka mwaka 2000. Shippey ni msomi wa Kiingereza cha kale kama Tolkien mwenyewe, na amewahi kuwa profesa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, alikofundisha Tolkien miaka ya 1920. Lakini haandiki kama anayetunga mtihani.

Sisi tuliopikwa kwa Kusadikika ya Shaaban Robert tumezoea kuuliza kila kitu kinawakilisha nini. Nchi ile ya angani ni utawala wa kikoloni. Andika, chukua alama zako. Ukimwendea Tolkien hivyo utasema pete yake, ile ya kichawi inayogombaniwa riwaya nzima, ni bomu la atomiki, wakati mwenyewe alishakataa, kwenye dibaji ya toleo la pili, kwamba hadithi yake ni fumbo la vita.

Shippey anauliza swali lingine: pete inafanyaje kazi? Ndiyo maana nashauri uanzie sura ya tatu, ya uovu. Pete ina nia yake, au inachochea tu tamaa iliyomo ndani ya mtu? Chukua ile baa ya kijiji cha Bree, pete inapojipenyeza kidoleni mwa Frodo, mhusika mkuu anayeibeba, mbele ya walevi wote. Ni ajali? Frodo kajisahau? Au pete imeitikia amri kutoka nje? Tolkien haamui, na Shippey anaonyesha kuwa utata huo ni wa makusudi: ndani yake zinavutana imani mbili za kale, moja ikisema uovu ni upungufu wa wema tu, nyingine ikisema ni nguvu inayojitegemea. Nilipomaliza sura hiyo nilirudi kwenye riwaya usiku uleule.

Sura ya pili nayo ni tamu. Anachambua kikao cha Elrond, kile cha kuamua pete ifanywe nini, ambacho wasomaji wengi hukiruka kwa uvivu, na kuonyesha jinsi kila msemaji alivyo na lugha yake. Saruman, mchawi msaliti, anaongea kisiasa hasa, maneno laini yasiyoshikika. (Nimewasikia kina Saruman wengi kwenye mikutano ya mtaa wetu.)

Kasoro zipo. Sura ya The Silmarillion, kitabu kingine cha Tolkien, haitakufaa kama hujaisoma yenyewe, iruke. Mwishoni Shippey anagombana na wahakiki waliomdharau Tolkien, na ugomvi unarefushwa mno. Kiingereza chake kinasomeka, ila weka kamusi karibu.

Kitabu chake cha 1982, The Road to Middle-earth, kina kina zaidi, lakini kimejaa lugha za kale, kiache kwanza. Na kama umeona sinema tu, usinunue chochote hapa. Anza na riwaya.