Tathmini ya GCN: Huduma ya Taarifa za Milipuko ya Miale ya Gama

Anayetaka kujua jinsi mlipuko wa miale ya gama, yaani mmweko mfupi na mkali mno wa miale yenye nishati kubwa kutoka anga za mbali, unavyoigeuza gesi inayouzunguka kuwa ioni (atomi zilizopokonywa elektroni) hana haja ya kungoja kitabu, kwa kuwa huduma ya GCN inayoendeshwa na NASA humletea taarifa za wanaastronomia bila malipo, mara nyingi siku ileile ya tukio. Mimi ni mwalimu wa fizikia, nazipokea kwa baruapepe, na ninachopima hapa ni kama huduma hii inamfikisha msomaji kwenye gesi yenyewe.

Kuna aina mbili za ujumbe: arifa zinazotumwa na mashine, na taarifa fupi zinazoandikwa na watafiti. Arifa ni namba tupu kwa msomaji wa kawaida, lakini kazi yake ni kubwa. Tarehe 18 Aprili 2006 setilaiti ya Swift ilipouona mlipuko wa GRB 060418 (GRB ni kifupi cha Kiingereza cha mlipuko wa miale ya gama, na namba ni tarehe yake), kwa arifa hiyo darubini ya VLT iliyoko Paranal, Chile, iligeuzwa upesi na kuanza kuchukua spektra, yaani mwanga uliotawanywa katika rangi zake, dakika 10 hivi baadaye, mwanga ukiwa bado mkali. Mistari ya ioni za chuma na nikeli, yaani rangi zilizofyonzwa na gesi hiyo kwenye spektra, ilikuwa ikibadilika kadiri muda ulivyokwenda, kwa sababu mwanga wa urujuanimno ulipandisha elektroni zake kwenye ngazi za juu za nishati, nazo ziliposhuka zilikwama kwenye ngazi za kati. Kwa kufuatilia mabadiliko hayo, watafiti walikokotoa kwamba gesi hiyo ilikuwa takribani miaka nuru 5,500 kutoka kwenye mlipuko. Yaani mwanga wa mlipuko mmoja uliichangamsha gesi iliyo mbali kiasi hicho, na darubini ingechelewa saa nyingi, mabadiliko ya mwanzo yasingeonekana kamwe.

Taarifa za watafiti ndizo ninazozipenda zaidi, ingawa zimeandikwa kwa Kiingereza cha kifundi na kwa mkato mno. Ukiona “Fe II” ikifuatwa na kinyota, kinyota hicho kidogo kinamaanisha kwamba ioni ya chuma imekutwa ikiwa imeongezewa nishati, na mara nyingi ni mlipuko ulioiongezea. Ukiona “Mg I”, hiyo ni magnesiamu ambayo bado ina elektroni zake zote. Kwa kuwa magnesiamu hupokonywa elektroni kwa urahisi kuliko haidrojeni, kuwapo kwake kunaonyesha kwamba gesi inayopimwa iko mbali kiasi cha kunusurika, maana iliyo jirani na mlipuko huwa imeshavuliwa elektroni na vumbi lake kuharibiwa. Maelezo haya hayamo ndani ya taarifa, na kwa mwanafunzi huo ndio upungufu mkubwa wa huduma hii.

Kinachofidia upungufu huo ni uwazi. Setilaiti ya Fermi iliunasa mlipuko wa GRB 221009A tarehe 9 Oktoba 2022, saa 10:16 alasiri kwa saa za Afrika Mashariki. Swift ilipouona chini ya saa moja baadaye, ilidhaniwa kwamba ni chanzo kilichomo ndani ya galaksi yetu. Siku chache tu zilitosha kuthibitisha kwamba mwanga wake ulisafiri karibu miaka bilioni 2, na hata baada ya safari hiyo miale yake iliweza kuitikisa ionosfia ya Dunia (tabaka la juu la angahewa lenye ioni), huku eksirei zake zikitawanywa na vumbi la galaksi yetu na kuonekana kama mapete angani. Dhana ya awali na masahihisho yake yote yamebaki kwenye hifadhi, na mtu yeyote anaweza kuyasoma kwa mfuatano.

Kwa walimu na wapenzi wa anga ninaipendekeza bila kusita. Jiandikishe kupokea taarifa za watafiti peke yake, kwa sababu arifa za mashine zitakujazia sanduku la barua, na uanze na hifadhi ya GRB 221009A kuanzia taarifa ya kwanza kabisa.