Miezi kumi na maiki ya popo hapa Mbeya: uzoefu wangu (nyota 4 kati ya 5)

Mi ni fundi simu, nina meza yangu Mwanjelwa, na wala sikuwa mtu wa popo. Hii maiki ilinifuata yenyewe mezani. Kuna kaka mmoja anatembeza wageni huko Rungwe, alikuja na kidude cha kuchomeka chini ya simu, cha kunasa milio ya popo na kuishusha mpaka tuisikie, akasema simu haikisomi. Tatizo lilikuwa dogo, pini zimejaa vumbi na OTG, ile ya kuruhusu simu isome vifaa vya kuchomeka, imezimwa, nikasafisha na spiriti nikawasha, kikakubali. Nikamuuliza hii inafanyaje kazi, akasema subiri saa moja jioni nikuonyeshe. Tukasimama chini ya taa ya barabarani, simu ikaanza tok, tok, tok, alafu ghafla prrrrrr, naangalia juu popo ndo anapita kwenye mwanga. Aisee. Nimekulia kwa bibi Tukuyu, dari limejaa popo toka naanza kutembea, sikuwahi kujua wanapiga kelele kiasi kile juu ya vichwa vyetu. Mwezi uliofuata nikanunua ya kwangu, used, laki tatu na ishirini.

Kwa ambao ni mara ya kwanza kusikia hii habari: sikio la mtu linaishia kilohezi 20 (mitetemo elfu 20 kwa sekunde), na umri ukienda hata hapo hufiki. Popo wanaokula wadudu wengi wao wanapiga kuanzia 20 kwenda juu mpaka 100 na kupita, alafu wanasikiliza mwangwi unavyorudi, ndo wanajua nondo yuko wapi na ukuta uko wapi. Mwanasayansi Spallanzani kule Italia miaka ya 1790 aliona popo aliyepofuka anaruka bila kugonga kitu ila akizibwa masikio anagonga, na kwa zaidi ya miaka mia watu hawakujua ni kwanini, mpaka 1938 Donald Griffin, bado mwanafunzi pale Harvard, alipowapeleka popo mbele ya mashine ya profesa Pierce ya kunasa sauti za juu, ndo siri ikatoka. Mi nikikumbuka hiyo hadithi alafu naangalia kidude changu cha ukubwa wa kiberiti, nafurahi kweli.

Sasa kwenye kununua, hapa sikilizeni vizuri maana ndo nyota yangu moja ilipokatika. Angalia namba ya sampuli, yaani maiki inapima sauti mara ngapi kwa sekunde. Maiki inanasa mpaka nusu ya ile namba, haipiti hapo. Ya kwangu ni kilohezi 256, kwahiyo mwisho wake 128, na muuzaji aliniambia inanasa popo wote, nikaamini. Kumbe kuna popo mdogo anaitwa Hipposideros caffer, anapatikana sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, huyo anapiga kwenye 140 hivi, anaweza akapita mbele ya pua yangu na simu ikakaa kimya kabisa. Kama unaweza kujibana miezi miwili zaidi, jibane uchukue ya 384, inafika 192.

Kujifunza kwenyewe ni kwa macho zaidi kuliko masikio, hilo sikulitegemea. Programu inakuchorea sauti kwenye skrini, hiyo picha wanaita spektrogramu, muda unaenda kulia, sauti nyembamba ziko juu na nzito ziko chini. Wiki tatu za mwanzo nilikuwa naangalia maumbo tu, jina sitafuti. Kuna wanaochora kama herufi L iliyolegea, wanaanza juu wanashuka kwa kasi alafu mwishoni wanalala kidogo, hao ni familia kubwa ya Vespertilionidae na kwenye migomba wamejaa. Kuna wanaochora mstari mrefu ulionyooka wenye ncha zilizopinda chini, umekaa kama pini ya stepla, hao ni wale wenye pua ya kiatu cha farasi, Rhinolophus, ukishawaona mara moja huwasahau. Alafu kuna wale wanaoruka juu kabisa sehemu ya wazi, mstari wao umelala, uko chini kwenye 25 au pungufu, na kati ya mlio na mlio wanakaa muda. Kwenye kundi hilo yupo Chaerephon pumilus, siku hizi wameanza kumuita Mops pumilus, kadogo mkia unachomoza nje, anapenda sana kukaa kwenye madari ya nyumba.

Kitufe cha kukutajia jina la popo kipo, ila usikitegemee. Usiku wa kwanza niko Isyesye kilinitajia popo anayeishi Ulaya, na kikaweka asilimia kubwa pembeni kana kwamba kina uhakika. Sababu yake nimeielewa baadae: kile kitufe kimefundishwa na rekodi za huko, kwahiyo kinachukua mlio wa hapa kinautafutia wa kufanana nao kwenye orodha yake, hakijui kusema huyu simjui. Na hata ungekuwa na orodha ya Tanzania bado kuna kazi, maana popo huyohuyo akiwa uwanjani anapiga mlio mrefu uliolala, akiingia kwenye migomba anaufupisha na kuusimamisha, ukiwa mgeni utaapa ni popo wawili tofauti. Kwahiyo mi jina la popo siliandiki. Naandika mahali, tarehe, saa, umbo, kilohezi ya chini kabisa, na palikuwaje, wazi au miti. Mfano "Isyesye, L, 41, migomba". Baada ya miezi kumi nina mafaili mia mbili na kitu ya namna hiyo na nakwambia yananisaidia kuliko kile kitufe, nikisikia mlio mpya najua kabisa huyu nimeshakutana nae Uyole au hapana.

Usiku bora kuliko wote ulikuwa mwezi wa 11, mvua za kwanza zimenyesha mchana, jioni kumbikumbi wakatoka. Watoto wamejaa chini ya taa na mabeseni ya maji, na juu ya watoto wamejaa popo. Ile prrrrrr niliyoisikia siku ya kwanza ndo popo anapomkaribia mdudu, anaongeza kasi ya milio mpaka inafika kama 200 kwa sekunde, ikikatika ujue ameshamalizana nae, kapata au kakosa. Siku hiyo prrrrrr zilikuwa hazina nafasi katikati. Nikaweka simu kwenye spika ndogo, watoto wakaacha mabeseni wakaja kusikiliza, na kuna mtoto wa jirani alikuwa anaogopa popo sana kwa zile habari za uchawi, ndo akawa wa mwisho kwenda kulala.

Kuna vitu maiki haisikii na ni vizuri ujue kabla hujasema eneo halina popo. Sauti za juu sana zinakufa haraka hewani, wengine ukiwa mita chache tu huwapati. Wapo pia wanaonong'ona, kama Nycteris. Na popo wakubwa wa matunda hawatumii mwangwi kabisa, isipokuwa Rousettus ambaye anagonga ulimi. Dume la Epomophorus, popo mwingine wa matunda, utalisikia kwa masikio yako tu, kama mtu anagonga chuma kidogo kidogo kwenye mti usiku kucha. Na kuna vinavyodanganya: panzi, funguo mfukoni, hata kusugua vidole. Ukitaka kujua maiki ni nzima sugua vidole mbele yake, ikichora nzima.

Memori nayo jipange. Kwa 256 dakika moja inakula karibu MB 31, kwa 384 ni MB 46, saa nzima inakaribia GB 3, kwahiyo weka irekodi pale tu inaposikia mlio. Betri ya simu inaisha haraka, powabenki lazima. Kuna mara moja niliazimwa AudioMoth, kile kirekodi kidogo kisicho na skrini kinachotumia betri tatu za AA na memori kadi, kinafika 384, unakifunga kwenye mti unaenda kulala asubuhi unakuta kazi. Kwa mtu anayetaka kuhesabu miezi na miezi hicho kinafaa zaidi, ila kwa kujifunza ukiwa umesimama unaona popo kwa macho na mlio wake hapohapo, maiki ya simu naipendelea.

Watu wa huku mnayajua mapango ya popo Songwe. Nilienda, nikasimama nje jioni inaingia, sikuingia ndani na nakuomba usiingie. Marburg iliyotokea Kagera 2023 hatujaisahau, na hicho kirusi kwa asili kinakaa kwa Rousettus, popo wa mapangoni. Vumbi la kinyesi chao nalo lina fangasi wa mapafu. Popo aliyeanguka chini usimshike kwa mkono mtupu, kuna virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa pia. Uzuri wa hii njia ni huohuo, unamjua popo bila kumgusa wala yeye kukugusa. Na kabla hujaanza kuzunguka kwenye kuta za watu usiku na simu inayolia, mjulishe balozi. Mi nilisimamishwa na ulinzi shirikishi mara mbili.

Nani anunue? Mwalimu wa baolojia, muongoza watalii, mtu wa parachichi anayetaka kujua nani anamlia wadudu wake usiku. Kama unataka kubonyeza upewe jina, hela yako itakuuma. Na kama unaanza usianze mwezi wa 6, baridi ya Mbeya ile wadudu hakuna na popo wanatoka wachache, utakata tamaa bure. Subiri mvua.

Mwezi uliopita niliipeleka Tukuyu. Bibi alikuwa ameshaongea na fundi aje azibe dari lote maana harufu imemchosha, na kweli inachosha, sibishi. Nikamkalisha kwenye kigoda uani, saa moja kasoro wakaanza kutoka pale kwenye kona ya bati, mmoja mmoja, simu inalia kila akitoka. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akahesabu 63, mi nilipata 61. Akaniuliza na watoto wao wanatoka nao? Nikamwambia wanaonyonya wanabaki ndani, fundi akiziba sasa hivi watafia humo. Akanyamaza, alafu akasema basi mpigie fundi mwambie aje wakishajua kuruka, na aache na kamlango ka kutokea.