HDR ya Lightroom Classic kwa picha za Prague: inapofaa na inapokwama

Lightroom Classic, programu ya Adobe ya kuhariri picha, imekuwa na zana ya HDR tangu mwaka 2015, yaani ya kuunganisha picha za mandhari ile ile zilizopigwa kwa mwanga tofauti ili sehemu angavu na za giza zote zionekane, na kwa anayekwenda Prague, mji mkuu wa Cheki, na kamera ya kubadilisha lenzi, hiyo ndiyo zana tunayompendekezea kabla ya nyingine zote. Sababu yetu kubwa ni kwamba haikuamulii picha iwe na sura gani. Inachukua ekspozha (picha za viwango tofauti vya mwanga) mbili, tatu au tano, inazikusanya katika faili moja la DNG (muundo wa Adobe wa picha ghafi), halafu inakuachia vitelezi vile vile ulivyovizoea. Kwenye RAW ya kawaida (faili ghafi la kamera), kitelezi cha Exposure kinaishia stopu 5 kila upande; stopu 1 ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu. Kwenye faili hili kinafika stopu 10. Anga haligeuki zambarau, na mawe hayatoki na ile sura ya plastiki iliyoiharibia HDR jina.

Prague inaijaribu zana hii vizuri kuliko miji mingi. Sehemu kubwa ya sanamu 30 za Daraja la Karlo, pamoja na mnara wa daraja upande wa Mji Mkongwe, imejengwa kwa mawe ya mchanga yaliyogeuka meusi kwa miaka mingi ya moshi na hewa. Nyuma yake kuna anga jeupe na mto Vltava unaomeremeta. Kamera ikipima anga, sanamu zinakuwa doa jeusi tu. Ikipima sanamu, anga linaungua.

Lakini usiwashe kila mahali AEB, kipengele cha kamera kinachopiga seti ya picha za ekspozha tofauti. Sensa nzuri ya siku hizi yenye ukubwa wa filamu ya milimita 35, ikiwekwa ISO 100 (ISO ni kiwango cha hisia ya sensa kwa mwanga), inabeba takriban stopu 14 kati ya giza na mwanga, na hiyo inatosha kwa picha nyingi za barabarani. Uso wa kanisa la Týn unatazama magharibi, kwenye uwanja wa Mji Mkongwe. Jioni jua linaupiga moja kwa moja likiwa mgongoni mwako, na RAW moja inamaliza kazi. Kuna kipimo rahisi: piga picha moja, punguza ekspozha mpaka mawingu yasiguse ukingo wa kulia wa histogramu (grafu ya mwanga wa picha), kisha angalia ukingo wa kushoto. Kama vivuli havijabanana pale, huhitaji kuunganisha chochote. Vikibanana, hapo ndipo ufungue menyu ya AEB.

Mpangilio unaofaa mchana ni huu: RAW, ISO 100, f/8 (ukubwa wa upenyo wa lenzi), hali ya kuchagua upenyo wa lenzi mwenyewe, na fokasi ikishapatikana uifunge. Mizani ya weupe iweke kwenye jua la mchana badala ya otomatiki, ili picha zote za seti zifanane unapozikagua. Piga picha tatu zilizoachana stopu 2. Kuachana kwa stopu 1 kunajaza kadi bure, maana Lightroom haihitaji hatua ndogo ndogo hizo. Tumia upigaji wa mfululizo: kamera inayopiga picha 10 kwa sekunde inamaliza seti ya tatu ndani ya theluthi ya sekunde, ilimradi shata yenyewe iwe ya kasi, na kazi ya kulinganisha picha inakuwa nyepesi. Kwenye tripodi, weka kipima muda cha sekunde 2. Kamera za Canon zikiwekwa hivyo hupiga seti nzima zenyewe. Za Sony zina kipengele cha kipima muda ndani ya mipangilio ya bracketing (upigaji wa seti za AEB), na usipokiwasha utabonyeza kwa mkono na kutikisa kamera. Angalia pia kama kamera yako inafuta AEB ukiizima. Baadhi ya Canon zina kipengele hicho, na ni rahisi kuiwasha tena ukadhani unapiga seti kumbe unapiga picha moja moja.

Mahali HDR inapolipa zaidi ni ndani ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Vitus, juu kwenye ngome. Ujenzi wake ulianza mwaka 1344 na kukamilika mwaka 1929. Dirisha la Alfons Mucha, ambalo vioo vyake vimechorwa kwa rangi, liko upande wa kaskazini, kwa hiyo jua haliliunguzi na mwanga wake ni tulivu karibu siku nzima. Madirisha ya kusini ni habari nyingine: mchana yanatupa rangi kwenye nguzo na sakafu, na tofauti kati ya kioo chenye jua na kona za chini ni kubwa mno kwa picha moja.

Tripodi na flashi haziruhusiwi ndani, na hapo ndipo wengi wanakosea. Chukua mfano ambao ekspozha ya kati ni sekunde 1 kwa ISO 100 na f/8. Bila tripodi hiyo haipigiki. Fungua lenzi mpaka f/4 na upandishe ISO mpaka 1600, umepata stopu 6, na shata inakuja 1/60. Sasa ukiacha AEB ya stopu 2 katikati, picha angavu itapigwa kwa 1/15 na itatikisika. Kwa hiyo shusha fidia ya ekspozha kwa stopu 2. Seti yako inakuwa 1/60, 1/250 na 1/1000: zote zinapigika mkononi, na ile ya 1/1000 inashika rangi za kioo bila kuungua. Gharama yake ni chembechembe kwenye vivuli, kwa sababu hakuna picha angavu ya kuvisafisha. Tunaona ni bei ya haki, maana chembechembe hupunguzika nyumbani lakini mtikisiko haurekebishiki.

Kuunganisha kwenyewe ni kwepesi. Chagua picha za seti, bonyeza Ctrl+H, na dirisha la hakikisho linafunguka. Auto Align, inayolinganisha picha zikae sawa, iwashe kwa picha za mkononi. Kwa za tripodi iliyotulia unaweza kuizima. Auto Settings tunashauri uiache imezimwa, kwa sababu inapenda kuvuta vivuli juu na mwanga chini mpaka kanisa lionekane kama limewashiwa taa za ofisini. Create Stack iwashe, la sivyo maktaba itajaa picha tatu tatu zinazofanana. Ukisharidhika na mipangilio, seti zinazofuata ziunganishe kwa Ctrl+Shift+H, ambayo haifungui dirisha kabisa na inatumia mipangilio ya mwisho. Andaa nafasi ya diski: DNG iliyounganishwa hubeba rangi tatu kwa kila pikseli, kwa hiyo ni kubwa kuliko RAW moja kwa mbali.

Zana inakwama kwenye watu. Daraja la Karlo lina urefu wa takriban mita 516, halipitishi magari, na kuanzia asubuhi linajaa watembea kwa miguu. Mtu aliyehama hatua moja kati ya picha ya kwanza na ya tatu anatokea kama mzuka wa miguu minne. Lightroom ina ngazi tatu za Deghost (kuondoa mizuka): Low, Medium na High. Ukiwasha Show Deghost Overlay, sehemu zinazorekebishwa zinapakwa rangi nyekundu, na ni lazima uiangalie kila mara. Kwenye eneo jekundu programu haichanganyi tena, inachukua picha moja tu. Kama picha iliyochukuliwa ni ya giza, eneo hilo linabaki na chembechembe huku jirani yake ni safi, na ukivuta vivuli utaona kiraka. Low inatosha kwa majani na bendera. Medium inafaa watu wachache wanaotembea mbali. High kwenye daraja lililojaa inapaka nusu ya picha nyekundu, na hapo afadhali uiache HDR yenyewe: chukua RAW moja iliyopigwa kwa anga na uvute vivuli.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba huwezi kuiambia Lightroom itumie picha ipi kwa mtu yupi. Hapa Photomatix Pro ya HDRsoft inaishinda waziwazi. Unazungushia eneo kwa kipanya, unaliweka alama kuwa lina mizuka, halafu unachagua mwenyewe picha itakayotumika pale. Kwa uwanja wa Mji Mkongwe saa kamili, umati ukiwa umesongamana chini ya saa ya falaki kusubiri mitume watokeze madirishani, kipengele hicho kinaokoa picha ambazo Lightroom ingezivuruga. Photomatix pia inanunuliwa mara moja, wakati Lightroom Classic inalipiwa kila mwezi, na toleo la majaribio la Photomatix haliishi muda. Linaacha tu alama kwenye picha. Ukiitumia, kaa mbali na mtindo wa Details Enhancer mpaka uwe umeuzoea sana. Ndio uliozaa zile picha za Prague zenye mng'ao mweupe kuzunguka kila mnara. Anza na Exposure Fusion, ambao haupitii hatua ya HDR kabisa: unachukua sehemu iliyopigwa vizuri kutoka kila picha na kuzichanganya, na rangi zinabaki karibu na za asili.

Huo mng'ao unaweza kuupata kwenye Lightroom pia. Unatokea pale unaposhusha Highlights (sehemu angavu) mpaka mwisho, ukapandisha Shadows (vivuli) mpaka mwisho, kisha ukaongeza Clarity (ukali wa kingo): programu inang'arisha upande wa anga kila inapokutana na ukingo mweusi, na Prague ni mji wa kingo nyeusi dhidi ya anga. Kwa daraja la alfajiri tungeanza na Highlights kati ya -50 na -70, Shadows +30 mpaka +45, Blacks -10, na Clarity isiyozidi +15. Sanamu ziache ziwe nyeusi kidogo, ndivyo zilivyo. Picha inayoonyesha kila mkunjo wa vazi la mtakatifu huku jua likiwa nyuma yake haiaminiki, hata kwa mtu ambaye hajawahi kufika.

Wahi mapema pia. Mwezi Juni jua linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na ukiwa darajani ukitazama mashariki linatokea upande wa mnara wa Mji Mkongwe. Watu ni wachache, kwa hiyo Deghost inabaki Low au imezimwa kabisa. Desemba jua linachelewa mpaka karibu saa mbili asubuhi, na utakuta watu wengi zaidi tayari wako njiani. Jua likiingia kwenye fremu, kagua picha angavu ya seti kabla ya kuunganisha. Madoa ya mwanga yanayorushwa ndani ya lenzi huwa makubwa zaidi kwenye picha hiyo, na yakikaa juu ya sanamu nyeusi yataingia kwenye DNG. Piga seti ya pili ukiwa umeziba jua kwa kidole. Sehemu safi utaihamishia Photoshop kwa maski.

Jioni, dakika chache baada ya jua kuzama, taa za darajani zinawashwa. Ni taa za gesi, na siku za kuelekea Krismasi huwashwa moja moja na mtu mwenye fimbo ndefu, jambo linalostahili kutazamwa hata bila kamera. Kwa HDR taa hizi ni mtihani mdogo kuliko inavyodhaniwa, mradi anga bado lina buluu. Piga tatu za stopu 2 kwenye tripodi na hakikisha kwenye ile ya giza kioo cha taa kinaonekana umbo lake. Anga likishakuwa jeusi kabisa, kuunganisha hakusaidii tena: unavuta vivuli ambavyo havina kitu ndani yake. Mto nao katika ekspozha ndefu unalainika kwa viwango tofauti kwenye kila picha, na Deghost ikiushika inaacha viraka majini. Kwa seti za usiku zenye maji, izime.

Kipengele kimoja kisichosifiwa vya kutosha ni HDR Panorama, ambacho kinaunganisha ekspozha na kushona panorama kwa hatua moja. Kutoka kilima cha Letná, ambako madaraja ya Vltava yanaonekana yamepangana, kinafanya kazi nzuri sana. Sharti lake ni kwamba kila kituo kiwe na idadi ile ile ya picha na tofauti ile ile ya ekspozha. Ukikosa picha moja kati ya 15, programu inashindwa kupanga seti, na itabidi uunganishe kila kituo peke yake kwanza.

Usichanganye haya yote na kitufe cha HDR kilichoingia kwenye Lightroom Classic 13, Oktoba 2023. Hicho hakiunganishi picha. Kinaruhusu picha kung'aa kupita weupe wa kawaida kwenye skrini zenye uwezo huo, na kinafanya kazi hata kwa RAW moja. Kwa madirisha ya Mtakatifu Vitus matokeo ni ya kupendeza mno, kwa sababu kioo kinawaka bila nguzo kulazimika kufifishwa. Tatizo liko kwa anayepokea: skrini isiyo na uwezo huo inaonyesha toleo la kawaida, kwa hiyo washa Preview for SDR Display (SDR ni skrini ya kawaida) na urekebishe vitelezi vyake kabla ya kutoa faili. Kwa picha za kuchapisha kwenye karatasi kitufe hiki kizime kabisa, na uhariri picha upya bila hicho, kwani karatasi haina mwanga wa ziada wa kutoa.