Tathmini ya kozi ya wiki nane ya kupunguza msongo wa mawazo kwa uzingativu

Kozi hii ilianzishwa mwaka 1979 na Jon Kabat-Zinn katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani, na wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa wagonjwa wenye maumivu sugu, ambao hospitali haikuwa na mengi zaidi ya kuwafanyia. Siku hizi hufundishwa katika nchi nyingi, ana kwa ana na kwa njia ya intaneti, nami niliifuata kwa intaneti katika kundi dogo lenye mwalimu mmoja. Ninaipendekeza kwa dhati, ila kwa sababu tofauti na zile zinazotajwa na matangazo mengi. Anayeiendea akitafuta utulivu wa papo hapo ataondoka wiki ya pili akiwa amekata tamaa, kwa kuwa uzingativu unaofundishwa humo ni kutambua kinachoendelea mwilini na akilini wakati kinapotokea, na utambuzi huo mwanzoni huonyesha mtu jinsi alivyo na msongo zaidi kuliko alivyodhani.

Utaratibu wake ni mzito. Kuna kikao kimoja kila wiki cha muda wa saa mbili na nusu hivi, siku nzima ya ukimya kuelekea mwisho wa kozi, na mazoezi ya nyumbani ya dakika 45 kwa siku, siku sita kwa wiki. Hizo dakika 45 ndizo kozi yenyewe. Vikao ni vizuri, mazungumzo ya kundi yanatia moyo, lakini anayehudhuria vikao na kuacha mazoezi ya nyumbani hupata maarifa kuhusu uzingativu, na mazoea yenyewe hayampati. Ningependa waandaaji waliseme hilo wazi kabla ya mtu kujiandikisha, maana mwenye watoto wadogo au mwenye kazi mbili anastahili kujua mapema kwamba itambidi apunguze kitu kingine.

Kikao cha kwanza huanza na zoezi la zabibu kavu moja, ambayo mwanafunzi huitazama mikunjo yake, huivingirisha kati ya vidole, huinusa, huiweka ulimini bila kuitafuna, kisha huitafuna polepole mpaka imalizike. Kwa maelezo linaonekana jambo la kitoto, lakini katika kundi letu lilitosha kumwonyesha kila mmoja kwamba mdomo unaweza kula huku akili ikiwa tayari inapanga kazi za kesho. Baada ya hapo huja zoezi la kulala chali na kupitia mwili kiungo baada ya kiungo, kuanzia vidole vya mguu wa kushoto hadi utosini, na linafanywa karibu kila siku katika wiki za mwanzo. Wengi husinzia. Wengine huchoshwa nalo hasa, na mwalimu wetu alifanya vyema kutotubembeleza: alituagiza tuuangalie huo uchovu wenyewe, unakaa sehemu gani ya mwili na unatutaka tufanye nini.

Sehemu iliyonifaa kuliko zote ni kazi ya wiki ya tatu, ambayo haina mvuto wowote machoni pa anayeisoma kwenye ratiba. Kila siku mwanafunzi huandika tukio moja lililomkera, kisha chini ya tukio hilo hujaza kile mwili ulichohisi, hisia zilizopita moyoni, na mawazo yaliyofuata, kila kimoja mahali pake. Chukua mfano wa ujumbe unaoingia kwenye simu kutoka kwa mkubwa wa kazi, hauna salamu, una jina lako tu na alama ya kuuliza. Kwa kawaida jibu huwa limeshaandikwa kabla mtu hajajua kwamba amekasirika. Anayefanya zoezi hili kwa bidii huanza kuona mfuatano wake: mabega yanapanda, taya zinakaza, pumzi inakuwa fupi, halafu ndipo lije lile wazo kwamba "huyu hunidharau siku zote." Mwili umetangulia kwa sababu homoni ya adrenalini haingoji hoja, na moyo unaweza kupiga kwa nguvu hata pale ambapo hakuna hatari ya kweli ila ujumbe tu. Akishauona mfuatano huo, mtu anaweza kusita kidogo, akavuta pumzi na kuiachia, ndipo akaamua kama atajibu sasa, atajibu baadaye, au atauliza kwanza. Shida haijaondoka, lakini hajaongeza shida ya pili juu ya ile ya kwanza.

Kuhusu ushahidi wa kitaalamu, kozi hii ina msingi kuliko nyingi za aina yake, na inafaa kuutaja kwa kiasi chake. Mapitio ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2014, yaliyojumuisha majaribio 47 yenye washiriki 3,515, yalionyesha kwamba programu za kutafakari, zikiwemo za uzingativu kama hii, hupunguza wasiwasi, sonona na maumivu kwa kiasi, ila hayakuona kwamba zinashinda dawa au mazoezi ya viungo. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watu wazima 276 wenye maradhi ya wasiwasi, ambapo kozi hii ya wiki nane haikuachwa nyuma na escitalopram, dawa inayotumika kutibu wasiwasi na sonona, katika kupunguza dalili zao. Hayo ni mafanikio makubwa. Hata hivyo, hayampi mwalimu yeyote ruhusa ya kumshauri mwanafunzi aache dawa alizoandikiwa na daktari, na ningemtilia shaka mwalimu anayethubutu kufanya hivyo.

Kasoro zipo. Siku ya ukimya kwa njia ya intaneti ilipwaya, kwa sababu ukimya wa kundi lililokaa chumba kimoja humsaidia mtu kustahimili, ilhali mbele ya skrini kila mmoja hubaki na kelele za nyumba yake. Rekodi tulizopewa za kufanyia mazoezi zilikuwa na sauti ya kuvutavuta maneno ambayo baadhi yetu hatukuizoea hadi mwisho. Lililonisumbua zaidi ni kwamba kozi yetu ilizungumzia kidogo mno misongo inayotoka nje ya mtu. Mfanyakazi anayelazimishwa kufanya kazi za watu watatu anahitaji mzigo upunguzwe, na mwajiri anayewalipia watumishi wake kozi hii huku akiacha mzigo vilevile anaitumia vibaya.

Vilevile kuna watu ambao kukaa kimya na miili yao huwafufulia mambo mazito, hasa waliopitia ukatili, ajali au misiba ya karibuni. Kwao si busara kuanza peke yao kwa kufuata rekodi. Ndiyo maana, kabla ya kulipa, ningemshauri mtu aangalie kama mwalimu hufanya mahojiano na kila mwanafunzi kwanza, kama anauliza habari za afya ya akili na matibabu yanayoendelea, na kama yeye mwenyewe amefunzwa kufundisha kozi hii mahsusi. Mwalimu wetu aliyauliza yote hayo, na mmoja wa waliotaka kujiunga alishauriwa asubiri na amwone mtaalamu kwanza. Nilianza kumwamini tangu hapo.