Fulana za Mei Mosi kwa fundi wa Magomeni, Mtwara: tarehe haijabanduka

Fulana hii nimeivaa Mei Mosi mbili, nimeifua kwa sabuni ya mche na kuianika kwenye jua hili la Mtwara, na maandishi bado yameshika. Wenzangu mnaochangishana fulana za kikundi, nendeni kwa fundi huyu.

Tulikuwa wanawake 32, wabangua korosho. Kila mmoja alitoa 13,000 kwa fomsiksi, yaani fulana ya kola, nyekundu yenye maandishi meupe, na hatukumwomba mwajiri hata shilingi. Fundi akatushauri: "Dada, tarehe acheni. Andikeni Siku ya Wafanyakazi tu, mtazivaa hata harusini." Nikakataa. Nilitaka 1 MEI kifuani, kubwa kuliko jina la kikundi.

Nina sababu. Binti wa shangazi yangu ni nesi Uingereza. Kule mapumziko haya yalianza 1978, tena hayafuati tarehe 1, ni Jumatatu ya kwanza ya Mei. Mwaka 2011 serikali yao ikaleta pendekezo la kuyatoa Mei na kuyapeleka Oktoba, eti kurefusha msimu wa utalii. Vyama vya wafanyakazi vikapinga, yakabaki. Lakini 2020 yakasogezwa hadi Ijumaa tarehe 8, kukumbuka kumalizika kwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia huko Ulaya. Na sisi tusijione tuko mbali: 9 Desemba 2015 sherehe za Uhuru zilifutwa, tukashika mafagio. Usafi ni jambo jema, ila siku ile niliona tangazo moja linavyotosha kufuta sherehe. Tarehe 1 Mei inatokana na waliogoma Marekani 1886, Chicago wakiwa mbele, wakidai kazi iwe saa nane kwa siku. Watu walikufa kwa ajili yake. Mimi sitaki isogezwe hata kwa siku moja.

Kazi yenyewe niliiona kwa macho. Anaitandaza fulana ubaoni, anashusha skrini, anamwaga rangi, anaivuta kwa kipande cha mpira mara moja tu, bila kurudia. Akiinua, ile 1 imesimama, kingo zake safi. Vidole vyangu vina weusi wa mafuta ya maganda ya korosho, yale yanayochubua ngozi, kwa hiyo nikaigusa kwa mgongo wa kiganja nisiichafue.

Kasoro zipo. Alitukabidhi tarehe 30 Aprili saa tatu usiku, roho zikiwa juu. Laji zake ni ndogo, mama zetu wanne hawakuweza kuzivaa. Alizibadilisha bila malipo, ila sherehe ilishapita. Kola nazo zinajikunja.

Mgongoni tuliandika KAZI YA SIKUKUU MALIPO MARA MBILI, kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inavyosema. Pale uwanja wa Nangwanda, kwenye sherehe, vijana vibarua walinifuata nyuma wakisoma, mmoja akaniuliza, "Mama, hii ni kweli au mmeandika tu?" Alikuwa ameambiwa sikukuu iliyopita aje kazini, atafidiwa siku nyingine. Hakufidiwa. Nilimweleza palepale, jua la saa sita, mpaka nikachelewa chakula.

Ukienda, peleka nusu ya pesa na vipimo vya kila mtu, usikubali "saizi ya kawaida". Oda yetu mpya nimeipeleka Machi. Safari hii hakuniuliza kuhusu tarehe.